Jina la Uji: Mhadhara Kuhusu Majina ya Wasichana wa Kipsigis



Mama yangu alinizaa ng'ombe wakirudi zizini. Kisa hicho alinisimulia mara nyingi, na hakuwahi kubadilisha neno. Mvua ya alasiri ilikuwa imekatika, matope yamejaa mlangoni, na ng'ombe wa mbele, yule mwenye kengele shingoni, alikuwa akipita kando ya nyumba wakati mkunga aliponipokea. Wanawake waliokuwa ndani hawakufanya kikao. Waliisikia kengele, wakatazamana, wakaniita Cherotich. Che- ni alama ya mtoto wa kike. Sehemu iliyobaki inataja kurudi kwa ng'ombe. Saa ya ukutani haikuwepo nyumbani kwetu, lakini saa niliyozaliwa naijua.

Nimeombwa kuzungumza juu ya asili na maana ya majina ya kike. Naomba ruhusa nianzie mbali kidogo, Hungaria, kisha nirudi hapa kwetu Wakipsigis, kwenye vilima vya Kericho na Bomet nchini Kenya, ambako ndiko moyo wangu uliko.

Wahungari wana jina la kike Hajnalka. J yao husomwa kama y yetu. Hajnal ni alfajiri, na -ka ni kiambishi cha kudogosha na kubembeleza, kama sisi tunavyomwita mtoto kwa upole. Hajnalka, basi, ni alfajiri ndogo, alfajiri mpenzi. Neno hilohilo ni jina la ua linalotambaa, linalofunguka asubuhi na kunyauka jua likikaza. Wahungari hushika pia siku ya jina, ambapo kila jina lina tarehe yake katika kalenda, na ya akina Hajnalka ni Machi 27. Siku hiyo mwenye jina hupelekewa maua na salamu hata kama alizaliwa Novemba.

Nilipokutana na jina hilo kitabuni nilisema kwa sauti: huyu ni Chepkoech! Maana koech ni kupambazuka, na Chepkoech ni msichana aliyezaliwa kunapambazuka. Lakini kadiri nilivyolifikiria ndivyo nilivyoona tofauti iliyonileta mbele yenu leo. Hajnalka anaweza kuzaliwa saa tisa alasiri. Wazazi wake wamelipenda jina, wamependa maana yake na mlio wake, wakampa binti yao kama zawadi. Chepkoech alipewa jina kwa sababu wanawake waliomzalisha mama yake walitazama nje wakaona mashariki kumekuwa kweupe. Jina lake ni ushahidi, na mashahidi walikuwapo.

Kuna jina jingine la kike lililowahi kuletwa Afrika Mashariki na Mhungari. Mwaka 1888 Count Sámuel Teleki, akiwa na mwenzake Ludwig von Höhnel, alifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini na kulipa jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungaria. Ziwa dogo lililo karibu alilipa jina la mke wa Rudolf, Stefanie, ambaye Wahungari humwita Stefánia. Asili ya jina hilo ni neno la Kigiriki lenye maana ya taji. Ziwa la kwanza limeitwa Turkana tangu 1975, na la pili, upande wa Ethiopia, linajulikana kama Chew Bahir. Yule bibi mwenye jina lake hakupata kuliona ziwa hilo, na watu walionywesha mifugo kandokando yake hawakuulizwa wanaliitaje. Mpita njia akitoa jina, huondoka na maana yake.

Sasa turudi nyumbani.

Mtoto wa Kipsigis hakuwa na jina moja. La kwanza lilikuwa kurenet, jina la kuitwa. Wanawake wazee walikusanyika baada ya mtoto kuzaliwa wakawa wanataja majina ya marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, kwa subira, huku ugoro ukisogezwa puani mwa mtoto. Jina lililotajwa mtoto akapiga chafya ndilo lililokubaliwa: fulani amerudi. Kelele za furaha zilipigwa na mtoto akawa na mlinzi. Ian Orchardson, Mwingereza aliyekuja nchi hii kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na akaoa kwetu, aliandika juu ya desturi zetu, na John Peristiany akachapisha kitabu chake kuhusu Wakipsigis mwaka 1939. Lakini wanawake waliokuwa wakiita majina hawakuhitaji vitabu hivyo. Walikuwa na orodha yote kichwani.

Jina la pili ndilo ninalolizungumzia leo. Kwa lugha yetu ni kainetab musarek, yaani jina la uji. Mama aliyejifungua hunyweshwa uji wa wimbi, na wanawake waliokuja kumhudumia huunywa pamoja naye. Katika mzunguko huo wa kibuyu, mtoto hupewa jina la saa, la hali ya hewa au la tukio. Nawaomba mlishike neno hili, uji. Jina hili halikutoka kwa mzee wa ukoo, wala halikutoka barazani. Lilitoka jikoni, kwa wanawake waliokuwa na damu mikononi na kibuyu magotini. Kila mara mtu anaposema kwamba mwanamke wa zamani hakuandika historia, mimi huwakumbuka hao.

Tuitazame siku yao ilivyokuwa. Kabla ya kupambazuka, giza bado zito lakini usingizi umeanza kuwa mwepesi, ndio wakati wa korir: msichana ni Chepkorir. Kukipambazuka ni Chepkoech. Asubuhi yenyewe ni mutai, akaja Chemutai. Ng'ombe wakiinuka na kutolewa kwenda malishoni, huyo ni Chepng'etich. Mchana mweupe ni Chebet. Jua likianza kuinama, mbuzi na kondoo hutangulia kurudi, na anayezaliwa saa hiyo ni Cherono. Ng'ombe hufuata nyuma yao, naye ni Cherotich, mimi na wenzangu. Jioni ikitanda ni Chelang'at. Watu wakilala ni Chepkirui, na usiku wa manane ni Chepkemoi. Hesabuni wenyewe: siku nzima imegawanywa, na hakuna mahali palipoachwa wazi. Mtoto wa kiume wa saa hizohizo huchukua Kip- au Ki-: Kipkoech, Kimutai, Kibet, Kiprono, Kiprotich, Kiplang'at.

Vijana huniuliza kwa nini tuna Chepkoech lakini si Chepbet au Cheprono. Ulimi ndio uliochonga. Mbele ya k, ile p hubaki: Chepkemoi, Chepkirui. Mbele ya b, m, l na r hudondoka: Chebet, Chemutai, Chelang'at, Cherono. Ndugu zetu Wanandi na Wakeiyo husema Jep- na Jeb-, ndiyo maana mtasikia Jepchirchir na Jepkosgei. Lipo pia jina lisilofuata kanuni: Cheruiyot kwetu limekuwa jina la wanaume wengi, ingawa linaanza kwa Che-. Lugha hai ina milango ya nyuma kama nyumba yoyote.

Angalieni jambo jingine. Jirani zetu Waluo nao huwapa watoto majina ya saa. Akinyi amezaliwa asubuhi, Achieng' jua likiwa utosini, Atieno usiku. Kule pwani, Waswahili wana Mwanajuma na Mwanahamisi, majina yaliyotoka kwenye siku za juma. Kwa hiyo si Wakipsigis peke yao waliohifadhi wakati ndani ya jina. Lakini Akinyi hufuata jua, na Mwanajuma hufuata juma la Kiislamu. Mtoto wa kwetu hufuata pia mifugo. Ili umpe mtoto jina Cherono na si Cherotich, ilibidi ujue mbuzi wamefika na ng'ombe bado. Tofauti ya majina hayo mawili ni kipande kidogo cha alasiri, pengine muda wa kukamua mbuzi mmoja au wawili, na bibi zetu hawakukubali kukichanganya.

Majina ya uji hayaishii kwenye saa. Mvua ikinyesha wakati wa kuzaliwa, msichana huitwa Cherop. Hapa Kericho, ambako mvua hupiga alasiri karibu kila siku, mara nyingi kwa mawe yanayotoboa majani ya chai, ningetarajia kila msichana wa saa tisa awe Cherop. Lakini wanawake walichagua. Ukame ukiuma ni Chepkemei. Wageni wakiwa nyumbani ni Cheptoo. Uchungu ukija ghafla na kila mtu akikimbizana, ni Chepchirchir. Na wazungu walipoingia nchi hii, likazaliwa jina Chepchumba, kwa maana chumbek ni wazungu. Baadaye hata mtoto aliyezaliwa hospitalini, mikononi mwa wageni hao, aliweza kuitwa hivyo. Ukoloni mzima ulipita kwenye kibuyu cha uji ukatoka jina la mtoto.

Na hapa nafika kwenye jambo linalonigusa kuliko yote.

Katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yalianza kupanda mashamba makubwa katika nchi hii. Malisho yakageuka kuwa kijani cha aina nyingine, kijani kisicholika na ng'ombe. Wakipsigis na watu wa ukoo wa Talai waliohamishwa bado wanadai ardhi yao, na madai hayo yamefika Umoja wa Mataifa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg. Sitayaingilia leo, wapo mawakili wanaoyajua vizuri. Nasema tu kilichotokea kwa saa. Mahali paliposikika kengele ya ng'ombe palikuja king'ora cha kiwanda na foleni ya kupima majani. Mama aliamka kwa king'ora, akafunga kikapu mgongoni, akalaza fimbo nyembamba juu ya michai ili aone usawa wa kuchuma, akavunja majani mawili na kichipukizi, akavunja tena, hadi mwito wa mizani. Siku yake ilipimwa kwa kilo.

Hata hivyo, mtoto alipozaliwa katika nyumba za kambi, kwenye safu zile za vyumba ambako hapakuwa na zizi wala mbuzi mmoja, wanawake walichungulia nje, wakaliangalia jua, wakasema: saa hizi ng'ombe wangekuwa wanarudi. Akaitwa Cherotich. Nimeishi miaka mingi kwenye nchi ya chai, na sijakutana na msichana aliyeitwa Chepchai. King'ora kilishika kazi yetu. Majina ya binti zetu hakikuyapata. Ukitembea leo kutoka Kapkatet hadi Mogogosiek, ukipita kati ya michai iliyokatwa sawasawa kama zulia, ukasikia mama akiita "Cherono! Cherotich!", ujue kwamba mbuzi na ng'ombe bado wanapita mahali hapo, kwa sauti.

Nimetaja Kapkatet kwa sababu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alifika pale na mashine yake ya kurekodi. Wasichana wa Kipsigis, akiwemo mwimbaji Chemutoi Ketienya, walimwimbia wimbo kuhusu kiumbe anayeitwa Chemirocha, nusu mtu na nusu paa. Huyo Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika mpaka huku. Sikio la Kipsigis lilisikia jina lake na kuliweka katika mkao linaoujua: Jimmie akawa Chemi-, na jina zima likaanza kama linavyoanza jina la msichana wetu. Mimi huona fahari katika kisa hicho. Wasichana wale hawakujinyoosha kulifikia jina la mgeni. Walilileta nyumbani wakaliketisha kati ya Chemutai na Chelang'at.

Leo mambo yamegeuka, na kilichotugeuza si muziki. Ni fomu.

Sheria ya kipande ya 1915 iliwaandikisha wanaume. Wanawake wa Kenya walianza kupewa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970 tu. Kwa hiyo daftari la serikali lilipofungua mlango kwa wanawake, lilikuwa tayari limezoea majina ya wanaume. Lilitaka jina la ukoo, na jina la ukoo likawa la baba. Kwetu mwanamume baada ya jando alichukua arap na jina la babake, naye mwanamke akishazaa aliitwa kwa mtoto, Bot Kibet, mama wa Kibet. Hakuna binti aliyetembea akiitwa Kip-. Sasa wamejaa: akina dada wanaoitwa Kiprono, Kiplang'at, Kipkemoi, majina yenye alama ya mwanamume mbele, kwa sababu kisanduku cha tatu cha fomu kilidai hivyo.

Mimi mwenyewe yalinipata. Nilipofanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, karani mmoja aliona jina langu, akadhani Che- ni kosa la mwandishi, akaikata kwa wino mwekundu. Cheti kilirudi kimeandikwa Rotich. Mama, ambaye hakusoma, aliniomba nimsomee. Nilipomsomea alikaa kimya, kisha akauliza: "Ng'ombe wamerudi, na mtoto yuko wapi?" Nilitumia miaka 11 na viapo viwili kwa wakili ili nirudishiwe herufi tatu.

Kuna pia ile alama ndogo inayodharauliwa. Ninyi nyote mnajua tofauti ya ngoma na ng'ombe. Hakuna mwalimu wa Kiswahili atakayekubali "ngombe". Lakini Chepng'etich huandikwa Chepngetich kila mahali, na Lang'at huandikwa Langat, mpaka watoto wenyewe wameanza kuyatamka kama ngoma. Sauti hiyo ndiyo iliyobeba ile ng'et, kuinuka. Ukiiondoa, ng'ombe hawainuki.

Tarehe 5 Julai 2025, huko Eugene, Marekani, dunia ilitazama wanawake wawili wa huku kwetu wakivunja rekodi siku moja, uwanja mmoja. Beatrice Chebet, mzaliwa wa Kaunti ya Kericho, alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 58.06, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 14. Faith Chepngetich Kipyegon alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68. Mtangazaji alipiga kelele: Chebet! Kisha: Kipyegon! Nililia kwa furaha kwa wote wawili. Lakini sikilizeni vizuri majina hayo. La kwanza ni la msichana mwenyewe, la mchana aliozaliwa. La pili ni jina la babake. Chepng'etich, saa ya ng'ombe kuinuka, limekaa katikati, halisomwi na mtangazaji. Mwanamke aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mara tatu, Rio, Tokyo na Paris, anastahili saa yake isomwe.

Hata Dkt. Joyce Cherono Laboso, aliyekuwa Naibu Spika wa Bunge la Taifa kisha akachaguliwa Gavana wa Bomet mwaka 2017, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kushika kiti hicho nchini, tulimwomboleza Julai 2019 kwa jina Laboso. Tulimpenda kwa jina hilo, na familia hiyo ina heshima yake. Ila jina alilopewa na wanawake lilikuwa Cherono. Mbuzi walikuwa wakirudi.

Siwaombi mtupe majina ya baba. Baba zetu tunawataka vyetini. Wala simlaumu mzazi anayemwita bintiye wa hospitalini Cherono kwa heshima ya shangazi, ingawa alizaliwa usiku wa manane. Kumkumbuka shangazi ni jambo jema, na mtoto aambiwe wazi kwamba saa ile ni ya shangazi. Ninachokipinga ni jina lililochaguliwa kwa sababu linapendeza kwenye simu, huku bibi ameketi pembeni na hakuna aliyemuuliza chochote. Hapo tunakuwa tumefika kwa Hajnalka bila kujua, tena bila ua lake.

Makarani wa usajili mlio hapa, nawasihi: mama akisema Chepng'etich, andikeni Chepng'etich, pamoja na ile alama yake, na msiikate Che-. Wauguzi, mkiandika saa ya kuzaliwa kwenye kadi, mwambieni mama pia kulikuwaje nje, kama mvua ilikuwa inanyesha au kumeanza kupambazuka. Nanyi vijana, mama na bibi zenu wengi bado wapo, na baadhi yao wameketi safu ile ya nyuma na leso zao. Msingoje mazishi ndipo mtafute habari hizi kwa ajili ya kijitabu cha ibada. Nendeni kwao jioni hii, chukueni kalamu, muwaulize: nilizaliwa saa ngapi, na ng'ombe walikuwa wapi?